Tone Moja Bafuni: Kwa Nini Watazamaji wa Filamu ya "Underwater" Hawakubaliani

Filamu ya "Underwater" haipotezi muda kwa utangulizi. Norah Price, mhandisi wa mitambo anayeigizwa na Kristen Stewart, amesimama bafuni akipiga mswaki, nywele zimenyolewa karibu zote, miguu haina viatu. Anamwona buibui kwenye beseni la kunawia na kumnusuru asichukuliwe na maji. Kisha tone linadondoka kutoka juu, likafuatwa na jingine, naye anainua macho. Muda si muda kituo kizima kinatikisika, kuta zinapasuka, na mwanamke huyu tuliyemfahamu kwa dakika chache tu anakimbia kwenye ujia unaobomoka nyuma yake. Kituo hicho, Kepler 822, ni cha kuchimba sakafu ya bahari, nacho kimejengwa kwenye Mfereji wa Mariana, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, kilomita zipatazo 11 chini ya uso wa maji.

Filamu hii iliyoongozwa na William Eubank ilitoka tarehe 10 Januari 2020, na tangu siku hiyo maoni juu yake yamekuwa na tabia moja ya kutatanisha: watazamaji wawili hutaja jambo lilelile, mmoja akilihesabu kuwa kasoro na mwingine akilihesabu kuwa sifa. Giza lake linalaumiwa na linasifiwa. Haraka yake ya kuingia kwenye maafa inalaumiwa na inasifiwa. Hata mwisho wake, ambao wengine wanauona umeunganishwa harakaharaka, kwa wengine ndiyo sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Anayesoma maoni hayo bila kuyachambua huishia kudhani kwamba ni suala la ladha tu, na ladha haina mjadala. Mimi naamini mjadala upo, ila maswali kadhaa yamesokotwa kama ukili wa mkeka, na kila mtu anavuta upande wake akidhani anajibiwa. Makala haya yanafumua ukili huo, na yatalazimika kueleza hata mwisho wa hadithi. Ambaye hajaitazama na angependa kubaki na taharuki yake, aitazame kwanza.

Tuondoe kwanza suala la alama, kwa kuwa ndilo linalotajwa haraka na kueleweka vibaya zaidi. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes wahakiki walioipa filamu hii uamuzi mzuri hawakufika nusu, na watu wengi huisoma asilimia hiyo kama mwalimu anavyosahihisha mtihani, yaani filamu imepata chini ya 50 kwa 100, imefeli. Asilimia ile haipimi hivyo. Inahesabu ni wahakiki wangapi walivuka mstari wa kuridhika, bila kujali walivuka kwa hatua moja au kwa maili nzima, kwa hiyo filamu ambayo kila mhakiki anaiona ya wastani mzuri inaweza kupata 100, na filamu inayopendwa sana na nusu ya watu na kuchukiwa na nusu nyingine itabaki katikati. CinemaScore nayo ni kitu kingine kabisa: ni kampuni inayowauliza watazamaji wa Marekani wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza, nao waliipa filamu hii C. Aliyenunua tiketi usiku wa kwanza amekuja na matarajio fulani, na alama anayotoa hupima umbali kati ya alichoahidiwa na alichokiona. Filamu za kutisha kwa kawaida hupata alama za chini kwenye kipimo hicho, maana kumtoa mtu ukumbini akiwa amefadhaika ndiyo kazi yake, na mtu aliyefadhaika si mkarimu wa alama.

Mauzo hayakusaidia sifa yake. Filamu ilipigwa picha mwaka 2017, ikakaa kabatini wakati Disney ikiinunua kampuni ya 20th Century Fox, ununuzi uliokamilika Machi 2019, kisha ikatolewa Januari, mwezi ambao studio za Marekani huutumia kumalizia mizigo zisiyoitarajia kuuza. Bajeti yake ilitajwa kuanzia dola milioni 50, na mapato ya dunia nzima yalikuwa kama dola milioni 40. Watazamaji wengi waliingia ukumbini wakiwa tayari wameambiwa kwa njia hiyo kwamba mzigo huu umechina, na mtu aliyeambiwa samaki amelala siku tatu huanza kumnusa kabla ya kumwonja.

Sasa turudi kwenye lile tone la bafuni, kwa sababu ndilo linalowagawa watazamaji kuliko hata madubwana yanayokuja baadaye.

Aliyewahi kuzamia baharini pima mbili tatu anajua jinsi masikio yanavyobana. Mgandamizo wa maji, ambao vitabu vya fizikia vya sekondari huuita kanieneo, huongezeka kila unaposhuka mita 10 kwa kiasi kinacholingana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye kina cha kilomita 11 mgandamizo huo hupita mara 1,000 ule wa hewa ya ufukweni, hivyo kila eneo lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hubeba zaidi ya tani moja, sawa na kulisimamisha gari dogo kama Vitz juu ya ukucha huo. Maji yanayopata upenyo chini ya mzigo wa namna hiyo hayadondoki. Kwa hesabu ya kawaida yangechomoka kwa kasi inayopita mita 400 kwa sekunde, kasi kubwa kuliko ya sauti hewani, na yangemkata mtu kabla hajasikia chochote. Kwa hiyo mtazamaji anayejua fizikia, anapoona tone likianguka taratibu kwenye sakafu ya bafu la Kepler, anatoka nje ya hadithi saa hiyo hiyo, wala si rahisi kumrudisha.

Analo la kusema pia juu ya yale matembezi ya sakafuni. Manusura sita wa Kepler wanaamua kuvaa mavazi mazito ya kuzamia na kutembea hadi kituo kingine, Roebuck, wakitafuta vyombo vidogo vya kujiokolea vya kuwapandisha hadi juu. Katika maisha halisi, mwaka 2006 mzamiaji wa Jeshi la Wanamaji la Marekani alifika mita 610 akiwa ndani ya vazi gumu linalomhifadhia mgandamizo wa hewa ya kawaida ya ufukweni. Kwa upande wa wanaopumua hewa iliyogandamizwa, majaribio ya kampuni ya COMEX ya Ufaransa, yaliyofanyika ndani ya chemba ya nchi kavu mwaka 1992, yalimfikisha mtu kwenye mgandamizo wa mita 701 akitumia mchanganyiko wenye haidrojeni. Kilomita 11 zimefikiwa na vyombo vyenye kuta nene tu, kuanzia Trieste ya Jacques Piccard na Don Walsh mwezi Januari 1960. Kutoka mita 700 hadi mita 11,000 pengo ni kubwa mno, na filamu inaliruka bila hata kulitaja.

Mtazamaji wa upande wa pili hasemi kwamba hesabu hizi ni za uongo. Anasema hakuja kwa ajili ya hesabu. Kwake tone ni lugha. Mtu aliyewahi kulala chini ya bati linalovuja wakati wa masika anaijua sauti ile ya usiku, ya kwanza isiyo na hakika, ya pili inayothibitisha, na anajua moyo unavyofanya kati ya hizo mbili. Mwongozaji alihitaji ishara ambayo kila binadamu anaielewa bila kuelezwa, akaichagua iliyo ndogo kuliko zote, akaiweka mbele ya bahari nzima. Kama angefuata fizikia kwa ukamilifu, Norah angekufa akiwa na povu la dawa ya meno mdomoni na filamu ingeisha dakika ya tatu.

Nikiulizwa mimi, pande hizi mbili zina haki kila moja kwenye uwanja wake, lakini lipo shtaka moja ambalo filamu hailikwepi. Haikosei kwa kuivunja kanuni ya mgandamizo, inakosea kwa kuivunja na kuitii kwa zamu. Mapema katika safari yao, kofia ya Rodrigo, mmoja wa manusura, ina hitilafu, na inapokutana na uzito wa maji inabomokea ndani naye anakufa papo hapo. Hapo filamu ni kali na ya kweli. Tangu Juni 2023, chombo cha kuzamia cha Titan kilipobomokea ndani kikiwa na watu watano njiani kuelekea mabaki ya Titanic, yaliyolala kwenye kina cha mita 3,800 hivi, kifo cha Rodrigo hakitazamiki tena kama ubunifu wa mtengeneza filamu. Baadaye, hata hivyo, vioo vya kofia nyingine vinaanza kupata ufa polepole na kuwapa wahusika nafasi ya kuhangaika, kupiga kelele na hata kuokoka. Bahari inayoua mara moja inapofaa na kusubiri inapofaa huacha kuwa bahari, na mtazamaji anayelalamika hapa anatetea taharuki yenyewe, kwa sababu hofu hukua pale tunapojua sheria ya hatari na kuamini kwamba haimpendelei mtu.

Kifo hicho cha Rodrigo kina lawama nyingine, na haifai kuipita juu juu. Rodrigo anaigizwa na Mamoudou Athie, mzaliwa wa Mauritania, na ndiye Mweusi katika kundi lile la sita. Kwa mtazamaji aliyekulia kwenye filamu za Marekani, mhusika Mweusi kutangulia kufa ni desturi anayoitambua kabla haijatokea, kiasi kwamba anaweza kumnong'oneza jirani yake na kupatia. Watetezi wa filamu husema kwamba lazima mmoja atangulie. Ni kweli, lakini mwandishi anapochagua nani atangulie hachagui kwa kura ya mfukoni, na mtu anapokijua kifo kabla hakijafika, taharuki imekwisha kuharibika. Naihesabu lawama hii kuwa ya utunzi, licha ya kuwa pia ni ya haki.

Hapo tumeshaingia kwenye swali la pili, la wahusika. Lalamiko lililoenea kuliko yote ni kwamba filamu inatutaka tuwalilie watu ambao haijatutambulisha kwao. Mazoea ya aina hii ya filamu ni kumpa mtazamaji nusu saa ya chakula cha pamoja, utani mezani na picha ya mke na watoto, ndipo maafa yaje. Filamu hii yenye dakika 95 imekata sehemu hiyo yote. Wanaoipenda husema kwamba kukata huko ndiko kunakoifanya ishike koo tangu mwanzo, na kwamba tabia ya mtu katika janga huonekana kwa anachokifanya.

Tazama mlango. Katika dakika zile za kwanza Norah na Rodrigo wanafika kwenye mlango wa dharura huku maji yakiwafuata kwa nyuma, na kwenye ujia wanawaona wenzao wawili wakikimbia kuja upande wao. Wakisubiri, kituo chote kitakwenda. Norah anaufunga. Hakuna muziki wa maombolezo, hakuna hotuba, na uso wake haupewi muda wa kutosha hata wa kulia. Kwangu mimi tukio lile linatambulisha mtu kwa ukamilifu kuliko chakula chochote cha pamoja, kwa maana linatuambia anajua kuhesabu uhai wa wengi dhidi ya wachache, na kwamba hesabu hiyo atatembea nayo hadi mwisho.

Ila mbinu hii haifanyi kazi kwa wote sawasawa, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Kwa Nahodha Lucien, anayeigizwa na Vincent Cassel, makombo ya habari yanatosha: tunajua amempoteza binti yake, na uso wa mwigizaji unabeba yaliyobaki. Kwa Paul, mwenye utani na mwanasesere wa sungura anayemchukua kila mahali, makombo yanazidi, kwa kuwa mzaha wake mara nyingi unakuja pale ambapo ukimya ungetisha zaidi. Kwa Emily na Smith makombo hayafiki. Hao wawili wanapendana, wanabebana, wanaokoka, na bado filamu ikiisha ni vigumu kusema Emily ni mtu wa namna gani anapokuwa haogopi. Aliyemfuata Norah kwa macho anatoka akiwa ameshiba, na aliyeingia akitaka kundi zima anatoka na njaa. Wote wawili wameitazama filamu ileile kwa uaminifu.

Halafu kuna giza. Mpiga picha Bojan Bazelli alikabiliwa na ukweli kwamba jua halifiki kilomita 11 chini, kwa hiyo kila mwanga lazima utoke kwenye taa za kituo au za kofia, nao unaishia hatua chache mbele kwenye maji yenye vumbi la tope. Sehemu kubwa ya matembezi ya sakafuni haikupigwa majini. Waigizaji walivaa mavazi yenye uzito wa makumi ya kilo, wakatembea studioni kama watu walio chini ya maji, na ukungu pamoja na chembe za tope vikaongezwa baadaye kwa kompyuta. Mbinu hii ni ya kinyume kabisa na ile ya James Cameron alipotengeneza "The Abyss", iliyotoka mwaka 1989. Yeye alijaza maji lita milioni 28 hivi ndani ya tangi la kituo cha nyuklia ambacho hakikumalizwa kujengwa kule Gaffney, South Carolina, akawazamisha waigizaji kwelikweli. Wanaozilinganisha filamu hizi mbili husema kwamba kwenye ile ya Cameron unaiona miili ikipambana na maji, na kwenye hii unaona watu wazito wakipambana na giza. Kauli hiyo ina ukweli, ingawa giza lenyewe lina kazi yake.

Mimi niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mchana, kwenye simu, karibu na dirisha, na kwa kweli sikuona kitu: kivuli kilimkamata kivuli, mtu akapiga kelele, sikujua nani. Nusu ya pili nilikuwa natazama uso wangu kwenye kioo cha simu. Mara ya pili ilikuwa usiku, taa zimezimwa, vipokea sauti masikioni, na tukio lilelile likawa jingine. Nilisikia pumzi ya Norah ndani ya kofia ikipanda, nikaona mwanga wake ukigonga tope na kurudi, na kitu kikapita pembeni ya mwanga ule ambacho sikukitambua umbo lake ila ukubwa wake. Tangu hapo, nikisoma maoni ya mtu anayesema hakuelewa nani alikufa wapi, hujiuliza kwanza aliitazamia wapi na saa ngapi. Filamu iliyotegemea giza la ukumbi iliwafikia watazamaji wake wengi majumbani, juu ya vioo vinavyong'aa, na hilo si kosa la mtazamaji hata kidogo.

Juu ya kufanana kwake na "Alien" ya mwaka 1979 sina mengi. Inafanana: kampuni yenye tamaa, wafanyakazi waliotelekezwa, mwanamke anayebaki wa mwisho akiwa na nguo za ndani na hofu. Anayetafuta jambo jipya ataudhika, na anayependa kuona sheria za zamani zikichezwa kwenye uwanja mpya atafurahi. Hapo ndipo ladha inapobaki ladha.

Madubwana yanastahili maneno zaidi. Mara ya kwanza ni viumbe vyenye ukubwa wa mtu, vyeupe kama vitu visivyojua jua, na watazamaji wengi waliviona vya kawaida. Lakini karibu na mwisho Norah anapiga fataki ya mwanga, na nyuma ya viumbe hivyo linaonekana jitu lenye ukubwa wa jengo refu, ambalo vile vidogo vinaning'inia mwilini mwake. Hakuna mhusika anayelitaja jina. Baada ya filamu kutoka, Eubank alieleza kwamba ni Cthulhu, mungu alalaye baharini aliyebuniwa na mwandishi Mmarekani H. P. Lovecraft katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1928. Maelezo hayo yaliwagawa watazamaji upya. Waliolijua jina walirudi kutazama na kugundua kwamba uchimbaji wa Kepler ulikuwa umeliamsha jitu lililolala, na filamu ikapata uzito waliokuwa hawakuuona. Wasiolijua waliuliza swali la haki: kama jambo kubwa kuliko yote kwenye hadithi linahitaji mahojiano ya mwongozaji ili lieleweke, je, hadithi imelisimulia? Mimi naona jitu lile linatosha bila jina. Mtu mdogo mwenye tochi mbele ya kitu asichoweza kukiona chote ni picha inayojieleza, na jina limewaongezea wapenzi wa Lovecraft furaha bila kumpunguzia mwingine chochote.

Umebaki mwisho wenyewe. Vyombo vya kujiokolea havitoshi; kimoja kimeharibika. Norah anawapandisha Smith na Emily, kisha anabaki, na anapoona viumbe vikiwafuata wenzake kuelekea juu, anakilipua kituo pamoja na nafsi yake. Kwenye vibanda vyetu vya video tulikua tukiambiwa kwamba steringi hafi, na wapo waliokasirika kwa sababu hiyo hiyo. Wengine walisema kujitoa huko kumekuja ghafla, kwa mtu ambaye hatukuona akiwapenda hao wawili kwa namna ya pekee.

Nadhani wanaosema hivyo wameusahau mlango. Mara ya kwanza Norah aliwafungia nje watu wawili ili wengine waishi, na alikuwa upande salama wa chuma. Mara ya mwisho anafanya hesabu ileile ya wawili, ila safari hii yeye ndiye aliye upande wa maji, na hakuna anayemlazimisha. Baada ya mlipuko zinapita kurasa za magazeti na nyaraka za siri: kampuni ya Tian Industries haitaki kueleza kilichotokea, manusura hawatoi maelezo, na uchimbaji umepangwa kuendelea. Kurasa hizo zinapita upesi mno kwa mtazamaji aliyekwisha kuinuka kwenye kiti, na sehemu kubwa ya wanaosema filamu haikuwa na la kusema ni wale walioinuka.